Ujirani Unapoishia: Kisa cha Wanandoa Wazee Waliohamia Makazi ya Jumuiya

Kuhusu kisa hiki

Majina, mahali na kila kitu kinachoweza kuwatambulisha wahusika vimeondolewa. Tulivyoviacha ni umri, vipimo vya nyumba, saa za dawa na mfuatano wa mambo, kwa sababu humo ndimo lilimo somo. Kisa kinawafaa wazee wanaofikiria kuhama, watoto wao, na kamati za makazi zinazopokea wakazi wapya walio na ugonjwa wa muda mrefu.

Makazi ya jumuiya tunayozungumzia si nyumba ya kulelea wazee. Kila kaya ina nyumba yake kamili, yenye jiko, bafu na mlango wa kufunga, na wote wanamiliki kwa pamoja jengo moja la kati lenye ukumbi wa kulia, jiko kubwa, chumba cha kufulia na vyumba vya wageni. Mtindo huu ulianzia Denmark, ambako makazi ya Sættedammen yalifunguliwa mwaka 1972. Makazi ya wazee peke yao yalifuata baadaye, yakiwemo Midgården ya Copenhagen mwaka 1987. Nchini Uswidi, Färdknäppen ya Stockholm ilifunguliwa mwaka 1993 kwa watu walio katika nusu ya pili ya maisha ambao watoto wao wameshaondoka nyumbani. Yote yamejengwa juu ya wazo kwamba majirani wanaangaliana. Kuuguzana ni jambo jingine, na kisa hiki chote kimetokana na kutotenganisha mambo hayo mawili.

Wahusika na hali yao kabla ya kuhama

Mume alikuwa na miaka 78, mhasibu mstaafu. Mke alikuwa na miaka 72 na afya nzuri, isipokuwa goti moja lililomsumbua kwenye ngazi. Walikuwa wameishi miaka 36 katika nyumba ya ghorofa moja yenye chumba cha kulala juu. Miaka minne kabla ya kuhama, mume aligundulika kuwa na ugonjwa wa Parkinson. Hatua zake zilikuwa zimefupika, mkono wa kulia ulitetemeka, na mara kwa mara miguu yake iliganda mlangoni kana kwamba imegundishwa sakafuni. Alitumia levodopa, kidonge cha ugonjwa huo, mara nne kwa siku: saa 12:30 asubuhi, saa 4:30, saa 8:30 mchana na saa 12:30 jioni. Chakula cha usiku nyumbani kwao kililiwa saa 2. Tafadhali msomaji azishike saa hizi, tutazirudia.

Walikuwa na watoto wawili: binti anayeishi mwendo wa nusu saa kwa gari, na mtoto wa kiume aliye mbali. Katika kikao cha familia binti alipinga. "Mama, unamchukua Baba mgonjwa unampeleka kwa watu usiowajua." Mama akamjibu, "Nitawajua kabla sijawahitaji." Jibu hilo lina busara ndani yake, na ndiyo sababu tunawashauri watu wahame wakiwa na nguvu. Kwa bahati mbaya, kwa wanandoa hawa muda wa kufahamiana kabla ya kuhitajiana ulikuwa umekwisha pita. Mume alikuwa akihitaji mkono wa mtu tangu siku ya kwanza.

Makazi yenyewe yalikuwa na kaya 20 na wakazi 27, wote wenye umri wa miaka 55 na zaidi. Chakula cha jioni kililiwa pamoja mara tatu kwa wiki, saa 12:30 jioni. Kila mlo ulihitaji watu watatu, wawili wa kupika na mmoja wa kuosha na kupanga, kwa hiyo zamu ilimfikia kila mkazi takribani mara moja kila wiki tatu. Juu ya hapo, kila mtu mzima alitakiwa kutoa saa 8 za kazi kwa mwezi katika bustani, usafi, mahesabu au matengenezo.

Jaribio la siku tano

Jumuiya ilitoa nafasi ya kukaa chumba cha wageni hadi siku 14 kabla ya kuomba uanachama. Wanandoa walikaa siku tano. Walishiriki mlo mmoja wa jioni, wakaketishwa karibu na mlango, wakahudumiwa mwanzo, wakasindikizwa mpaka chumbani ambako ni hatua chache tu kutoka ukumbini. Kila mtu aliridhika.

Jaribio la namna hii linapima ukarimu, na ukarimu haukuwa na shaka. Halikupima safari ya kutoka ukumbini hadi nyumba watakayoishi, halikupima zamu ya jiko, wala usiku. Laiti wangekaa siku zote 14 na kula milo yote sita ya pamoja, matatizo mawili kati ya matatu tutakayoeleza yangeonekana wakati bado ni rahisi kuyatatua.

Maamuzi manne kabla ya kuhama

La kwanza lilikuwa nyumba ipi. Kulikuwa na mbili wazi: moja ghorofa ya pili mita 15 kutoka jengo la pamoja, yenye lifti, na nyingine chini kabisa, mita 60 kutoka hapo. Walichukua ya chini. Sababu yao ilikuwa kwamba lifti ikiharibika, mtu ambaye miguu inaganda anabaki mfungwa. Tunakubaliana nao. Ila hakuna aliyeitembea njia ile ya mita 60 jioni, akiwa na saa mkononi, pamoja na mgonjwa mwenyewe.

La pili, hawakuuza nyumba ya zamani. Waliipangisha kwa mwaka mmoja. Watu wengi huuza kwanza ili wapate fedha za kuingilia, kisha wakijuta hawana pa kurudi. Hawa walikuwa na akiba ya kutosha kulipa amana ya uanachama, wakaweza kungoja. Uamuzi huu ulikuja kuwaokoa, si kwa kuwa walirudi, bali kwa kuwa mwezi wa nne, mambo yalipochacha, mke alijua anaweza kurudi. Mtu anayejua mlango uko wazi anazungumza kwa utulivu zaidi.

La tatu lilikuwa marekebisho ya nyumba, na hapa kazi ilifanywa vizuri. Kizingiti cha bafu cha sentimita 2.5 kiliondolewa na sakafu ikasawazishwa. Vishikio viwili viliwekwa chooni na kimoja bafuni kwa urefu wa sentimita 85 kutoka sakafuni, vikafungwa kwenye mbao zilizopigiliwa ndani ya ukuta. Kishikio kilichofungwa kwenye ukuta mtupu wa bodi hung'oka siku ile ile mtu anapokihitaji. Kiti cha choo kiliinuliwa hadi sentimita 47. Milango yote ilikuwa na upana wa wazi wa sentimita 82, inatosha fremu ya kutembelea. Mazulia madogo yote yaliachwa nyuma. Kwenye kila mlango aliopita mume, mtaalamu wa fiziotherapia alibandika mistari minne ya utepe wa rangi kali, ikipishana sentimita 40, kwa sababu jicho likiona mstari wa kuvuka, mguu ulioganda mara nyingi huachia.

La nne lilikuwa hati. Mume aliandika hati ya uwakilishi inayoendelea kuwa halali hata akipoteza uwezo wa kuamua, akamteua mke na binti. Lakini haki ya kukaa kwenye nyumba mpya iliandikwa kwa jina la mume peke yake, kwa mazoea tu, kwa kuwa ndiye aliyejaza fomu. Hakuna aliyeligundua hilo kwa miezi mitano.

Fomu hiyo ilikuwa na swali: "Mkihitaji msaada wa kila siku, mtaupata kwa nani?" Mke aliandika: "Kwa wenzetu wa jumuiya. Tunakuja ili tusaidiane." Kamati ilisoma, ikapendezwa, ikapitisha.

Kuhama na usiku wa tisa

Upangaji wa vitu ulianza wiki 14 kabla. Walikuwa wanatoka kwenye mita za mraba 140 kwenda 58, kwa hiyo binti alichora ramani ya nyumba mpya kwa kipimo cha moja kwa hamsini, akakata vikaratasi vya kila kabati, meza na kitanda kwa kipimo hicho hicho. Kilichokosa nafasi kwenye karatasi hakikuhamishwa. Njia hii inapunguza ugomvi, maana anayesema hapana ni karatasi, si mtoto. Dawa, miwani, hati na vifaa vya kusikilizia vilikaa kwenye mkoba mmoja ambao mke hakuuweka ndani ya gari la mizigo. Mume alikaa kwa binti usiku mbili ili akifika akute kitanda kimetandikwa na taa zinawaka.

Tatizo lilikuwa kitanda chenyewe. Kwenye nyumba ya zamani, kwa miaka 36, mume alishukia upande wa kushoto na bafu lilikuwa kushoto. Kwenye nyumba mpya kitanda kilisukumwa ukutani upande huo huo wa kushoto ili ipatikane nafasi ya fremu upande wa kulia. Kwenye karatasi kilikaa vizuri. Usiku wa tisa, yapata saa 9, mume aliamka kwenda haja, mwili ukageuka kushoto kama ulivyozoea, akakutana na ukuta, akazunguka gizani, miguu ikaganda, akaanguka. Alivunjika kifundo cha mkono wa kulia, akafungwa plasta kwa wiki sita.

Yote yaliyofuata yaliingilia hapo. Mwenye plasta mkononi hashiki fremu wala kishikio, hajifungi vifungo, hajiinui chooni. Kwa usiku mmoja mume alitoka kwenye kuhitaji msaada kidogo akaingia kwenye kuhitaji mtu kila saa chache, na ilikuwa wiki ya pili tu tangu wahamie.

Wiki sita za plasta

Jumuiya iliitikia kwa moyo. Wiki ya pili na ya tatu majirani saba walipangana: huyu analeta chakula, yule anakaa na mume wakati mke anapumzika, mwingine anafua. Kufikia wiki ya sita walibaki wawili. Hawakuwa watu wabaya. Mmoja alipata wageni, mwingine mgongo ulimuuma baada ya kumwinua mgonjwa, watatu waliona wenzao wanatosha. Hakuna aliyesema ameacha. Zamu iliyopangwa kwa mdomo haina tarehe ya mwisho, kwa hiyo hufa kimya kimya.

Katika wale wawili, mmoja alikuwa muuguzi mstaafu wa miaka 69 aliyeishi mlango wa pili. Mke alinunua kengele isiyo na waya, kitufe kikakaa kando ya kitanda cha mume na spika nyumbani kwa muuguzi. Kwa mujibu wa daftari la mke, muuguzi aliitwa usiku mara 11 ndani ya mwezi mmoja. Kila mara alikuja. Kila mara alisema, "Usijali, dada." Mke aliamini neno hilo kama lilivyosemwa.

Mke naye alikuwa anajaribu kutimiza saa 16 za kazi kwa mwezi, zake 8 na za mume 8, kwa kuona aibu kupokea bila kutoa. Alipika zamu mbili mfululizo kwa ajili hiyo, huku akilala vipande vipande.

Mlo wa jioni

Wakati huo huo lilikuwepo jambo la pili, ambalo halikuhusiana na mkono uliovunjika na ambalo hakuna aliyelielewa.

Nyumbani kwa zamani dawa ya mwisho ililiwa saa 12:30 jioni na chakula saa 2, kwa hiyo palikuwa na saa moja na nusu kati yake. Kwenye makazi mapya chakula kilikuwa saa 12:30 hiyo hiyo. Mume alimeza kidonge mezani, sahani ikiwa mbele yake. Levodopa na protini hugombania njia moja ya kufyonzwa utumboni, na tena njia moja ya kuingia ubongoni. Kidonge kikifuatana na nyama, samaki, mayai au kunde, kinachelewa au hakifanyi kazi ipasavyo. Na dozi iliyotangulia, ya saa 8:30 mchana, ilikuwa imeshaisha nguvu. Matokeo yake ni kwamba kila jioni ya mlo wa pamoja, saa 1:30, watu walipoinuka, mume alikuwa katika hali mbaya kuliko saa nyingine yoyote ya siku.

Tazama jinsi ilivyokuwa mlangoni. Watu kumi nyuma yake, zulia jeusi la kufutia miguu kizingitini, mmoja anamuuliza habari za mkono, mwingine anamshika kiwiko na kumvuta mbele. Zulia jeusi kwa mgonjwa wa Parkinson linaweza kumgandisha kama shimo. Kuongea naye kunamnyang'anya umakini anaouhitaji kuhesabu hatua. Kumvuta kunapeleka kifua mbele huku nyayo zikibaki, na hivyo ndivyo watu wanavyoanguka kifudifudi. Akishapita hapo, zinamngoja mita 60 zisizo na hata benchi moja.

Baada ya mara nne aliacha kwenda. Mke alibaki naye. Wakazi waliona viti viwili vitupu kwa wiki tano na wengi wakafasiri kwamba wageni wanajitenga. Mlo uliokusudiwa kuwaunganisha na wenzao ukawa ndio unaowatenga, na sababu ilikuwa saa moja na nusu iliyopotea kati ya kidonge na sahani.

Kikao cha mwezi wa nne

Muuguzi mstaafu alipochoka alimweleza mratibu wa mwezi, si mke. Mratibu akaliweka suala kwenye ajenda ya mkutano wa wakazi kwa jina "mzigo wa misaada", bila kuwaarifu wanandoa. Nia ilikuwa njema, jumuiya hiyo huamua kwa maridhiano na hutaka kila jambo lisemwe mbele ya wote. Mume alikuwa amekaa ukumbini. Mjadala ulipokwenda dakika kadhaa aliinua mkono akasema, kwa sauti ile ndogo ambayo ugonjwa humwachia mtu, "Sikujua kwamba nimekuwa ajenda."

Kikao kilivunjika hapo. Mke alipeleka kitufe cha kengele asubuhi yake, kimefungwa kwenye mfuko wa karatasi, akakiacha mlangoni kwa muuguzi bila kubisha hodi. Siku iliyofuata alimpigia binti kuuliza mkataba wa mpangaji kwenye nyumba ya zamani unaisha lini.

Urekebishaji

Binti, aliyekuwa akipinga tangu mwanzo, ndiye aliyeomba kikao kidogo kabla ya uamuzi wowote. Walikaa watu sita: wanandoa, binti, muuguzi, na wajumbe wawili wa kamati waliochaguliwa na wanandoa wenyewe. Ilichukua saa moja na nusu. Muuguzi alisema kwanza kwamba anawapenda na hawezi tena kuamka usiku. Mke alisema hakujua, na kwamba angejua asingebonyeza kitufe. Hayo yakishasemwa, kazi iliyobaki ilikuwa ya kuandika.

Waliandika ukurasa mmoja wenye madaraja matatu.

Daraja la kwanza ni ujirani, usiohitaji zamu wala ruhusa: kumjulia hali, kumletea sahani, kutembea naye, kukaa naye mchana mke akitoka, kwa muda usiozidi saa mbili, kupiga simu ya dharura.

Daraja la pili ni msaada wa muda, kwa mfano baada ya kutoka hospitalini. Una mratibu mmoja mwenye jina, unapangwa kwa maandishi, na unaisha siku ya 14. Ukihitajika zaidi, unaombwa upya. Mtu anaweza kujitoa kwa kumwambia mratibu bila kueleza sababu.

Daraja la tatu ni uuguzi: kuogesha, kuvisha, kuinua mwili, kugawa dawa, na kazi yoyote ya usiku. Huu hautolewi na jirani hata akijitolea. Familia inaulipia au inaufanya yenyewe.

Tunasisitiza maneno "hata akijitolea". Muuguzi mstaafu ni mtu ambaye hajui kukataa, na kanuni inayomwachia hiari haimlindi. Kifungu hicho kilimpa ruhusa ya kupumzika bila kuonekana amekataa.

Mhudumu wa nyumbani wa kulipwa aliajiriwa asubuhi tatu kwa wiki, saa mbili kila mara, kwa ajili ya kuogesha na mazoezi. Usiku, kitanda kiligeuzwa ili mume ashukie kushoto kama zamani, taa mbili zinazowaka zenyewe mtu akisogea zikawekwa chini, moja kando ya kitanda na moja mlangoni mwa bafu, na chupa ya kujisaidia ikaning'inizwa pale mkono wa kushoto unapofika. Kazi hii yote ya usiku ilichukua mchana mmoja, na ingeweza kufanywa kabla ya siku ya kuhamia.

Mtaalamu wa fiziotherapia ndiye aliyeuliza kuhusu saa za chakula. Daktari alitanguliza dozi zote nne kwa saa moja, ya mwisho ikawa saa 11:30 jioni, ikabaki saa nzima kabla ya mlo. Alipima pia presha ya mume akiwa amelala na kisha akiwa amesimama dakika tatu, akakuta namba ya juu inashuka zaidi ya 20, kiwango kinachotosha kumtia mtu kizunguzungu anapoinuka mezani. Mume alifundishwa kukaa wima dakika mbili na kunywa maji kabla ya kusimama. Tunawaonya wasomaji kwamba saa na kiasi cha levodopa havibadilishwi nyumbani. Ni kazi ya daktari.

Jumuiya kwa upande wake iliondoa zulia jeusi, ikabandika mistari mlangoni pa ukumbi, ikaweka mabenchi mawili yenye mikono kwenye ile njia, kila moja likiwa na kiti cha urefu wa sentimita 45, na ikawakalisha watu wote dakika 40 kujifunza la kufanya mtu anapoganda. Usimvute. Simama kando yake, nyamaza, mwache asimame wima, ahamishe uzito kulia na kushoto mara mbili tatu, ahesabu mwenyewe, kisha apige hatua moja kubwa. Mabenchi, kwa taarifa, yanatumiwa na kila mtu.

Na saa za kazi zilipimwa upya. Mke alibaki na 4 kwa mwezi. Mume alipewa 3, akiwa amekaa: kukagua mahesabu ya jiko kila Jumanne saa 5 asubuhi, wakati dawa ya asubuhi inafanya kazi vizuri. Mwezi wa pili alikuta bidhaa moja inalipiwa mara mbili. Kuanzia hapo watu walianza kumfuata na maswali yao.

Matokeo baada ya miezi 14

Wanandoa bado wanaishi hapo. Mume alianguka mara tatu katika miezi minne ya mwanzo na mara moja tu, bila kuvunjika, katika kumi iliyofuata. Wanahudhuria milo miwili kati ya mitatu ya kila wiki. Mhudumu sasa huja asubuhi tano. Muuguzi na mke hutembea pamoja kila jioni ya Jumapili. Haikuwa hivyo mara moja. Kwa miezi miwili walisalimiana tu. Haki ya kukaa imeandikwa upya kwa majina yote mawili, na hilo lilihitaji kura ya wakazi kwa sababu kanuni hazikulitarajia.

Uchambuzi

Maandalizi ya nyumba yalikuwa mazuri na hayakutosha. Kila kilichopimika kwa futi kilipimwa: milango, vishikio, kabati. Hakuna aliyeiandika siku ya mgonjwa kuanzia alfajiri hadi usiku na kuilinganisha na siku ya jumuiya. Karatasi moja yenye safu mbili, saa za mgonjwa kushoto na saa za makazi kulia, ingeonyesha mgongano wa saa 12:30 kwa dakika tano. Kwa mgonjwa wa kisukari anayechoma sindano kabla ya kula ingeonyesha jambo jingine, na kwa anayetumia dawa za kuongeza mkojo ingeonyesha kwamba mkutano wa asubuhi wa saa mbili bila mapumziko haumfai.

Kosa la kamati lilikuwa kubwa kuliko la familia, na tunalisema hivyo kwa kuwa familia huhama mara moja ilhali kamati hupokea watu mara nyingi. Jibu "tutasaidiana" kwenye fomu lilipaswa kuzaa swali la pili papo hapo: nani atamwogesha, nani ataamka usiku, kwa muda gani? Kamati haikuuliza kwa sababu jibu lilisikika kama sifa kwa jumuiya yao. Kama ukurasa wa madaraja matatu ungekuwepo siku ya kwanza, wanandoa wangejua wanahitaji mhudumu wa kulipwa na wangempanga kwenye bajeti, au wangeamua kutohama. Yote mawili ni afadhali kuliko kugundua ukumbini.

Kuhusu muda wa kuhama, maoni yetu ni kwamba walichelewa kwa takribani miaka miwili. Katika mwaka wa pili wa ugonjwa mume angeweza kupika zamu, kubeba viti na kujulikana kama mhasibu mcheshi, kabla ya kujulikana kama mgonjwa wa mlango wa tatu. Lakini hatudai kwamba aliyechelewa asiende. Kazi ya mahesabu ilifanya, kwa saa tatu kwa mwezi, kitu kilichoshindikana kwa miezi minne ya kupokea sahani. Jumuiya inayompokea mtu dhaifu inapaswa kumtafutia kazi anayoiweza katika wiki mbili za mwanzo, na kuipanga kwenye saa ambazo mwili wake uko vizuri.

Jambo moja lililofanyika sawa bila mpango ni kwamba mvutano uliwakuta watu wenye njia ya kutokea. Nyumba ya zamani haikuwa imeuzwa, na binti hakusema "niliwaambia". Hayo mawili yaliwapa nafasi ya kukaa mezani.

Lililobaki wazi

Ukurasa wa makubaliano hupitiwa kila miezi sita. Katika mapitio ya kwanza mke aliomba kiongezwe kifungu kuhusu siku ambayo mume atahitaji mtu usiku na mchana. Waliandika dalili tatu zitakazoitisha kikao: kuanguka mara mbili ndani ya mwezi, kupaliwa na chakula mara kwa mara, na mke kukosa usingizi wa saa tano mfululizo kwa wiki tatu. Hawakuandika uamuzi utakuwa upi. Mume aliomba ajulishwe siku saba kabla ya kikao hicho, kwa barua yenye jina lake juu, na kifungu hicho ndicho pekee kilichopita bila mtu yeyote kuomba neno libadilishwe.